Jiwe la Kisima na Mkia wa Nyati

Paukwa!

Pakawa!

Mh. Hiyo ni pakawa ya watu walioshiba maji. Itikieni kama watu waliokaa siku kumi na mbili bila kunywa. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa tumeelewana. Watoto, sogeeni mbele. Na ninyi watu wazima mliojibanza huko nyuma, mnajifanya ngano ni za watoto, sogeeni pia. Hii inawahusu ninyi kuliko wao.

Hapo zamani za kale, katika nyika ya vumbi jekundu, palikuwa na kisima kimoja. Kimoja tu. Juu ya kisima palikuwa na jiwe, zito, bapa, la kuzuia jua lisikaushe maji. Jiwe hilo mnyama mmoja haliwezi. Ukoo mmoja hauliwezi. Wenye Pembe wanainua upande huu, Wenye Milia wanasukuma upande ule, ndipo linasogea. Krrr, krrr, krrr.

Na ilikuwa desturi. Kila mwezi ukiandama, jiwe linarudishwa juu ya kisima. Wakubwa wa koo hizo mbili wanakaa kikao, wanakubaliana nani atangulie kunywa, nani afuate. Wakikubaliana, jiwe linasogezwa tena. Asubuhi wanakaa, adhuhuri watu wanakunywa. Miaka yote ilikuwa hivyo.

Mkubwa wa Wenye Pembe alikuwa Nyati. Kifua hiki! Sauti hii! Mkubwa wa Wenye Milia alikuwa Punda Milia, mwepesi wa kucheka, mzito wa kukubali. Na wale wasio na pembe wala milia? Kanga, Ngiri, Pimbi, Fungo? Hao hawakuwa na kiti kikaoni. Walichagua tu. Siku ya mvua ya kwanza, kila mnyama alikwenda kusimama nyuma ya mkia wa yule anayemtaka. Mwenye safu ndefu ndiye aliyeongoza kikao mwaka mzima.

Mwaka huo safu ya Nyati ilikuwa ndefu mpaka ikapinda. Kwa nini? Aliahidi. Alisema, "Ninyi wadogo mnakanyagwa kisimani kila siku. Mimi nitawachongea kihori chenu cha mawe, pembeni, mnywe kwa raha!" Kanga alipiga vigelegele mpaka shingo ikamwuma, maana mwanawe mmoja alikuwa amevunjwa mguu na kwato palepale kisimani.

Kiangazi kikaja. Kanga akaangua vifaranga saba. Wa mwisho alikuwa mdogo kuliko wote, wakamwita Chembe. Mwezi ukaandama. Jiwe likarudishwa.

Nyati akasimama kikaoni. "Jiwe hili halisogei mpaka kihori cha wadogo kikubaliwe!"

Punda Milia akacheka. "Kihori hakuna. Sogeza jiwe."

"Halisogei!"

"Basi lisisogee!"

Wadogo walishangilia. Masikini, walishangilia! Yangeyange, yule ndege mweupe anayekaa mgongoni mwa Nyati na kumsemea maneno, akatunga wimbo hapohapo. Nisaidieni. Mimi nikiita, ninyi semeni "Halisogei!"

Jiwe la kisima!

Halisogei!

Nyati amesema!

Halisogei!

Hata tukikauka!

Halisogei!

Mnaona mlivyochangamka? Nao walichangamka hivyohivyo. Siku ya kwanza.

Siku ya tatu, wimbo ukawa wa kunong'ona. Siku ya tano, walikuwa wakigombea umande kwenye majani, Pimbi akamwuma Fungo sikio.

Sasa, pale kisimani palikuwa na mfanyakazi. Ngiri. Kazi yake kuchimba na kuondoa mchanga unaolimeza jiwe, maana mchanga ukijaa, hata koo kumi hazitalisogeza. Ujira wake ni funda la kwanza la maji kila asubuhi. Siku ya sita akamwendea Nyati. Alikuwa anayumba.

"Mkubwa, nitachimbaje na koo hili?"

Yangeyange ndiye aliyejibu. "Chimba, Ngiri. Kazi yako ni muhimu mno, haiwezi kusimama. Maji yako utayapata jiwe likifunguliwa."

"Na ya siku zilizopita?"

"Hilo tutaliangalia."

Jamani! Kazi ni muhimu, lakini anayeifanya si muhimu! Ngiri akarudi kuchimba. Chaka. Chaka. Chaka. Mimi nikifika hapa kila mara damu inanichemka, lakini tuendelee.

Siku ya nane, Chembe akaacha kulia. Kifaranga akilia, mama anasumbuka. Akiacha kulia, mama anaogopa. Kanga akamweka Chembe chini ya bawa, akawapanga wale sita nyuma yake, akaenda kwa Nyati mwenyewe. Akamkuta amelala kivulini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama Kanga."

"Baba, tumekuja kuomba. Kihori kiache kwanza. Tufungulie watoto wanywe. Mwezi ujao utakidai tena, na sisi tutakuwa nyuma yako."

Nyati akashusha pumzi ndefu. "Mama, naumia kama unavyoumia wewe. Hata mimi koo limekauka. Lakini msimamo ni msimamo."

Kanga akainamisha kichwa kwa heshima. Na alipoinama, akaona miguu ya Nyati. Ilikuwa na tope. Tope bichi, jeusi, mpaka magotini. Nyika nzima ni vumbi jekundu, na baba msimamo ana tope bichi!

"Baba, hilo tope umelitoa wapi?"

Nyati akaikunja miguu. Yangeyange akadakia, "Ni jasho. Jasho la uongozi."

Kanga hakubishana. Akaaga, akaenda, akazifuata nyayo. Nyayo za tope zilizunguka kichaka, zikapenya kwenye miiba, zikapanda kilima ambacho wadogo walikatazwa kukipanda. Kule juu palikuwa na kidimbwi. Kidimbwi cha Kikao, ndivyo walivyokiita wenyewe. Desturi ilikifunga kisima, lakini kidimbwi haikukigusa, kwa sababu, walisema, wakubwa hawawezi kufikiri wakiwa na kiu.

Na nani walikuwa ndani? Wake wa Nyati. Wake wa Punda Milia. Punda Milia mwenyewe, amelowa hadi tumboni, anacheka. Wanakunywa bega kwa bega! Mnaijua ile methali, fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Lakini hawa hata hawakuwa wanapigana! Nyasi ziliumia bure kabisa.

"Jamani, tone moja tu," akasema Kanga. "Mtoto wangu anakufa."

"Mwombe Nyati wako," akasema Punda Milia. "Yeye ndiye aliyefunga."

Nyati alikuwa amefika nyuma yao, anahema. "Mama Kanga, nielewe. Nikikuruhusu wewe leo, kesho nyika nzima itakuwa hapa." Akamsukuma kwa pembe. Hakumsukuma kwa nguvu, la. Alimsukuma kwa adabu.

Chembe alikufa njiani, wakiwa wanashuka. Kanga alimfukia kwa mikono ya Ngiri, maana yeye hana mikono ya kuchimba, na Ngiri hakuwa na machozi ya kumsaidia kulia.

Siku ya tisa, jiwe halikusogea. Siku ya kumi, halikusogea. Siku ya kumi na moja, halikusogea. Siku ya kumi na mbili, asubuhi, kidimbwi cha kilimani kikakauka. Kikakauka kau! Na asubuhi hiyohiyo, ajabu ya Mungu, Nyati akaingiwa na huruma!

"Nimeguswa na mateso ya wadogo," akatangaza. "Jiwe lisogezwe!"

Krrr, krrr, krrr. Wakanywa. Wakanywa mpaka wakaumwa na matumbo. Ngiri ndiye aliyeuliza, "Na kihori?"

"Kihori," akasema Nyati, "tumekubaliana kwamba tutakizungumzia."

Kwa hiyo hata jiwe moja la kihori halikupatikana. Siku kumi na mbili! Ndani ya ukoo wa Pembe vurugu ikaanza. Kongoni akamfokea Nyati mbele ya watu, "Kama ulijua utaachia, ungeachia siku ya kwanza. Kama ulijua utashikilia, ungeshikilia. Umetupa kiu, na umetupa aibu juu yake!" Nyati akamlaumu Kongoni kwa kutomuunga mkono kikaoni. Swala akawalaumu wote wawili. Yangeyange akasema tatizo ni dogo tu, wadogo hawakuelezwa vizuri. Wadogo walielezwa vizuri sana. Kaburi la Chembe liliwaeleza.

Mawingu yakakusanyika. Ngurumo, gudu-gudu-gudu. Siku ya mvua ya kwanza ikafika, siku ya mikia.

Nyati akasimama uwanjani, kifua mbele. "Tulisimama imara kwa ajili yenu!"

Kanga akatoka mbele na vifaranga wake. "Baba, ulisema unaumia kama mimi. Hawa ni sita. Walikuwa saba. Haya, nionyeshe wako aliyekufa."

Nyati akaitazama miguu yake mwenyewe.

Kanga akageuka. Hakwenda nyuma ya mkia wa Nyati. Punda Milia akaita, "Njoo huku, mama!" Kanga akamtazama. "Wewe nilikukuta umelowa hadi tumboni." Akaenda kusimama peke yake kando ya kisima, kule nyuma ya mgongo wa Nyati. Ngiri akamfuata. Pimbi akamfuata. Fungo na sikio lake bovu akamfuata. Hata Kongoni, na pembe zake, akamfuata, na Swala nyuma yake.

Sasa, desturi inamkataza mgombea kugeuka nyuma kabla safu haijahesabiwa. Nyati alisikia kwato nyingi zikitembea, akatabasamu. Akauliza chinichini, "Yangeyange, safu imepinda kama ile ya mwaka jana?"

"Haijapinda, bwana."

"Imenyooka?"

"Kunyooka pia haijanyooka."

"Sema basi, ndege wewe! Nyuma yangu unamwona nani?"

"Bwana, nauona mkia wako."

Kisha Yangeyange naye akakunjua mbawa, pyuuu, akaruka kwenda kisimani. Mvua ikamnyeshea Nyati peke yake pale uwanjani.

Nyuma ya Punda Milia walikuwa Milia wenzake tu. Safu ndefu ilikuwa ya Kanga. Na siku hiyohiyo kihori kikachongwa. Jambo la pili Kanga aliloamua lilikuwa fupi: siku jiwe linaporudishwa juu ya kisima, Ngiri apande kilimani akifukie kidimbwi. Basi. Na tangu hapo, hakuna kikao kilichowahi kupita adhuhuri.

Mmesikia? Funzo lake ni hili, nalisema wazi asije mtu akajifanya hakuelewa. Anayekuambia vumilia kiu, mtazame miguu kwanza. Kama ana tope, huyo hakutetei, anakutumia. Na siku ya mikia haiko mbali.

Hadithi yangu nimeifikisha, na hapo ndipo imeishia. Nani ana maji hapa? Koo limenikauka kweli, na mimi miguu yangu hii hapa, ni mikavu, itazameni.