Masharubu ya Malkia

Studio ya filamu ya Seth Jamnadas huko Bombay haikupata mwanamke wa kuigiza, hivyo Vithoba, mwigizaji wa kiume, akateuliwa kuwa malkia.

"Nyoa masharubu, au acha kazi."

"Seth, kwetu mtu hunyoa masharubu akifiwa na baba. Wangu yu mzima."

"Sanaa haimjui baba yako."

"Haya. Ila mtaani kwangu naona aibu. Ninyolewe barazani kwako."

Seth, kwa huruma zake nyingi, alikubali.

Asubuhi majirani walimwona kinyozi akinoa wembe barazani kwa Seth. Wakaja wakilia, na maua na machela ya maiti. Baba yake Seth, mwenye mtaji wote wa studio, akatoka na chai yake.

"Kafa nani?"

"Wewe, mzee."

Kinyozi alifukuzwa na mzee mwenyewe. Malkia aliigiza kajifunika ushungi hadi puani.