Mwimbaji Aliyeziacha Spika

Mchungaji kanisimamisha tena, mimi niliyeishia darasa la pili, na yeye kasoma mpaka kaota kipara. Haya. Wewe mama wa nyuma, zima hiyo simu, nisirudie.

Kulikuwa na binti mmoja, mwimbaji wa bendi. Bendi ya madramu, magitaa ya umeme, na spika zilizomzidi kimo. Miaka tisa alipiga mayowe humo. Siku moja, wakiwa mazoezini, mama yake akampigia simu. Akamjibu, "Mama, huku kuna kelele, nitakupigia." Hakupiga. Wiki ile ile mama akafa.

Tangu hapo kila akiimba zile nyimbo za kurukaruka aliona anadanganya watu. Akatunga wimbo wa jambo lile, akampelekea kiongozi wa bendi.

"Huu wa matangani," kiongozi akasema. "Watu wanataka kuruka, mwanangu."

"Basi nitauimba peke yangu, kwa gitaa kavu."

"Gitaa lisilo na waya? Nani atakusikia, inzi?"

Sikukuu ya mavuno ikafika. Bendi ikapiga, vumbi likatimka. Kisha binti akapanda jukwaani na kigoda chake na gitaa kavu. Akiwashinda hawa, ataimba maisha yake yote. Wakimzomea, hataimba tena. Na kiongozi alikuwa kaleta vijana sita wamzomee, kila mmoja na filimbi mdomoni.

Akaanza chini chini, kama mtu anayejisemea jikoni. Filimbi zikalia. Hakupandisha sauti. Akafika pale pa simu, pa "nitakupigia", filimbi moja ikakatika. Ikafuata ya pili. Jitu moja katika wale sita likaenda nyuma ya choo: "Haloo, mama? Hapana, sina shida. Nimekupigia tu."

Uwanja wote kimya. Kiongozi akamvuta shati kijana mmoja wa filimbi.

"Mbona mmeacha? Kwani ameshaanza?"

"Bosi, yuko ubeti wa mwisho!"

Alipomaliza walisimama wote, hata wazee wa fimbo, wakidai, "Rudia! Rudia!" Akarudia mara tatu, anacheka huku machozi yanamtiririka. Spika hazikuwashwa tena siku ile.

Na sisi je? Si ndio tunaosali mpaka mabati yanatikisika? Nani hapa amewahi kunyamaza akausikia moyo wake unasema nini? Mnaogopa nini, jamani? Tunapandisha sauti ili tusijisikie, kisha tunalalamika Mungu hasemi. Anasema. Ila hapigi mayowe.

Yule kiongozi alikwenda kuomba radhi, akasamehewa. Lakini masikio yake yalikuwa yameshaliwa na spika zake, na radhi haiyarudishi. Sasa binti akiimba, yeye huketi mbele kabisa, anatazama midomo. Watu wakilia, humgusa jirani yake begani: "Kasemaje?"