Bahasha ya Tabora

Kulikuwa na ndugu wawili, wapendwa, mkubwa akikaa Kigoma na mdogo akikaa Mwanza, na kwa miaka sita walikuwa hawasemezani. Mama yao alipofariki, mkubwa alimzika kesho yake, wala hakumsubiri mdogo aliyekuwa bado njiani. Mdogo akafika akakuta udongo mbichi na watu wanakunja maturubai. Hata ndani hakuingia. Aligeuka na begi lake, akaondoka.

Siku moja wakakutana ndani ya treni itokayo Dar es Salaam, viti vinatazamana. Ungefanya nini wewe? Kuhama huwezi, treni imejaa. Mpaka wanaipita Dodoma kila mmoja anatazama dirishani. Ndipo mkubwa akatoa kwenye mkoba kibao chao cha zamani, cha kukunja, chenye kete za sumaku nyeusi na nyeupe. Ni mchezo wa Kijapani uitwao Go, walifundishwa shuleni na mwalimu wao wa hesabu, Mjapani. Mnaweka kete kwa zamu, kila mmoja akitafuta kuzungushia eneo lake, kama majirani wanaogombea mpaka wa shamba. Unaweza kuchukua siku nzima, na treni yetu mnaijua, siku nzima inayo.

Wakacheza. Mkubwa akacheka kidogo, akakumbusha kwamba mama alikuwa akiziita kete zile maharage. Kisha akasema taratibu:

"Mdogo wangu, lile la mama tulizungumze."

"Tumalize mchezo kwanza," mdogo akajibu.

Moyoni alikuwa amejiapiza: nikimshinda, ndipo nitamsamehe.

Wakafika Tabora, na Tabora mabehewa hukatwa, haya ya Mwanza, yale ya Kigoma, na kila abiria huhamia la kwake. Wauza asali wanagonga madirisha, mchezo haujaisha, na zamu ni ya mkubwa. Sasa, mchezo huo una desturi yake. Ukiahirishwa, mwenye zamu huandika kwa siri mahali atakapoweka kete yake, hufunga karatasi kwenye bahasha, na bahasha haifunguliwi mpaka wachezaji wote wawili wakae tena mbele ya kibao. Mkubwa akainama akaandika, akalamba gundi, akamkabidhi mdogo wake bahasha na kibao.

"Njoo nyumbani tuifungue," akasema.

Miaka minne, wapendwa. Kibao kilikaa juu ya kabati kule Mwanza, kete zimeng'ang'ania palepale, na mke wa yule bwana haruhusiwi hata kupangusa vumbi. Kila Jumapili huyo mdogo akitoka kanisani anakishusha, anabuni kaka ameandika nini, anatafuta jibu. Kaka akipiga simu kuuliza atakwenda lini, anaambiwa baada ya mavuno. Mavuno yakipita, baada ya Pasaka. Hakuwa na kazi nyingi kiasi hicho. Alikuwa anajiandaa kushinda.

Jumanne moja simu ikapigwa na shemeji yake. Kaka amefariki.

Akasafiri na kibao kwapani. Basi likakwama kwenye matope, akafika siku ya nne, ameshajua moyoni atakuta nini: udongo mbichi na maturubai. Hakukuta hivyo. Akakuta jeneza sebuleni na waombolezaji waliochoka, maana lilikuwa limeletwa na kurudishwa mochwari mara mbili.

"Alituapisha, shemeji," mjane akamwambia. "Alisema asizikwe mpaka ufike."

Yule bwana akakaa sakafuni mbele ya jeneza, akaweka kibao magotini, akachana bahasha. Haikutaja kete yoyote. Iliandikwa, kwa tarehe ya siku ile ya Tabora: "Nimeshindwa mimi. Na kwa mama nilikosea mimi. Njoo tu."

Alilia mpaka wazee wakamshika.

Mnaona uchungu wake? Ushindi alikuwa nao. Toba ya kaka yake alikuwa nayo, juu ya kabati, chini ya vumbi lake mwenyewe. Miaka minne alikuwa akitunga majibu ya vita ambayo mwenzake alishaiacha stesheni. Na akiulizwa, atasema alikuwa anafuata kanuni.

Tusimcheke. Sisi nasi tumekaa humu na vibao vyetu. Tunasema aanze yeye, yeye ndiye aliyekosa. Tunasema nikishapata nafasi, nikishatulia. Na wewe mama wa pale nyuma, usimtazame jirani yako, nasema na wewe. Unajuaje kwamba hajaandika tayari? Nami nisijifanye msafi: ninalo jina moja ambalo sijalitamka kwa mwaka wa tatu sasa, na mfano huu umekuwa ukinisuta tangu Alhamisi nilipoanza kuuandaa.

Kila Jumapili mzee wa kanisa huwaambia mzime simu. Leo naomba mziwashe. Tokeni nje mmoja mmoja, mpige. Sadaka itawasubiri. Mimi natangulia.