Mkono kwenye Picha ya Mama Tusekile

Ikikufika hii, isome hadi mwisho ndipo umpelekee mwingine.

Ambakisye alikuwa mwongoza watalii kando ya Ziwa Nyasa. Wageni wake walikuwa wapiga picha, nao walikuja kwa jambo moja: kuwaona wanawake wa Kikisi wakifinyanga vyungu. Waliyempenda zaidi ni Mama Tusekile.

Kabla kamera hazijainuliwa, Ambakisye alikuwa na kazi yake. Aliondoa ndoo ya plastiki. Alimwomba mama avue miwani. Aliomba fulana ya kwaya ibadilishwe kwa kaniki.

"Usicheke, mama," alisema. "Tazama kule ziwani."

Wageni walitaka mambo ya kale, naye aliwapa.

Mama Tusekile akafa ghafla. Siku ya msiba binti yake, Tusekile, alimfuata Ambakisye.

"Kaka, hatuna picha ya mama ya kuweka kwenye jeneza. Zangu zilipotea na simu. Wewe umeleta wapiga picha miaka yote hii. Tutafutie moja tu. Tunazika kesho."

Ambakisye aliwaandikia wageni wake wa zamani. Picha zikaingia. Alichagua ile iliyoshinda shindano huko ng'ambo, akaenda nayo msibani.

Tusekile aliitazama, akamrudishia simu. "Huyu ni nani?"

"Mama yako."

"Pua ni yake. Lakini huyu si mama."

Alionyesha nyingine. Shangazi mtu akasogea. "Mbona huyu kama amefiwa? Wifi yangu hakuwa na uso huu."

Ambakisye alichanganyikiwa. Alidhani ni uchungu wa msiba. Akawapelekea majirani picha zile zile. Mmoja alimtaja mwanamke wa kijiji cha pili. Mwingine alisema anafanana na marehemu, basi. Mwishowe Ambakisye mwenyewe akaanza kusita. Je, wageni walimtumia picha za mtu mwingine? Alizitazama tena moja moja. Zote alikuwa amezipanga kwa mikono yake, na hakuwa na uhakika.

Jioni ikaingia picha ya mwisho. Mgeni aliyeituma aliomba radhi. "Hii iliharibika. Nilibonyeza kabla hujamaliza kupanga."

Ndani yake kulikuwa na ndoo ya bluu na fulana ya kwaya. Mama Tusekile alikuwa akicheka, ameishikilia miwani isitoke usoni. Pembeni mkono wa mtu ulikuwa ukiivuta. Ambakisye aliitambua saa yake kwenye mkono ule. Akakumbuka na maneno ya mama yule: "Wewe Ambakisye, ukichukua macho yangu, chungu hiki utakifinyanga wewe?"

Aliona haya kuionyesha, lakini hakuwa na nyingine.

Tusekile alipoiona alikaa chini. "Mama," akasema. Shangazi alianza kulia, halafu akacheka, halafu akalia tena.

"Nitampa fundi aufute huu mkono," Ambakisye alisema.

"Uache," Tusekile akajibu. "Ukiutoa, watu watajuaje mama alikuwa anamcheka nani?"

Kesho yake wakazika. Picha ilitangulia mbele ya jeneza, na mkono wa Ambakisye ukiwamo.

Funzo: Ukimvua mtu mambo yake ili apendeze machoni pa mgeni, siku wa kwake watakapomtafuta hawatamwona.