Nyumba Iliyomuuma Bibi Harusi

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana baiskeli zilishakuwapo, aliishi mjane mmoja katika nchi kavu ya Ugogo, jina lake Mazoya. Marehemu mumewe alimwachia watoto wawili, Chiluwa na dada yake Mbeleje, na tembe aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe: kuta za udongo, paa la udongo, sakafu ya udongo. Mazoya aliipenda tembe ile mpaka watu wakamtania kwamba mumewe hakufa, amegeuka ukuta.

Chiluwa akaoa. Akamleta Sechelela, binti wa milimani kwenye ukungu, ambako watu hulala vitandani. Mazoya alimpenda tangu alipomtia machoni. Na kwa kuwa alimpenda, alimpa pahali pa heshima: ngozi ya ng'ombe ya marehemu, iliyotandikwa chini ubavuni mwa ukuta wa jikoni, penye joto. Mwenyewe akahamia mlangoni kwenye upepo.

Asubuhi Sechelela akaamka anajikuna.

"Mama, kuna wadudu."

Mazoya akacheka. "Hao ni papasi, mwanangu. Sisi wametuuma tangu uchanga wetu, tumezoeana. Wakikuuma, nyumba inakujua. Ikishakujua, wewe si mgeni tena."

Sechelela alitamani sana asiwe mgeni. Basi akajikuna kimyakimya, na muda si muda akawa mjamzito.

Ndipo homa ikaja. Kichwa kikampasuka, viungo vikamuuma, akatetemeka mpaka ngozi ikasogea chini yake. Mazoya akamkanda kwa maji, akamnywesha uji wa uwele. Homa ikaondoka. Vigelegele! "Nyumba imemjua!" Mbuzi akachinjwa, na Sechelela akalazwa palepale pa heshima. Homa ikarudi. Ikaondoka. Vigelegele tena, ila safari hii bila mbuzi. Akalazwa palepale. Homa ikarudi, na mtoto tumboni akaacha kucheza.

Sechelela aliweka mkono tumboni, akangoja. Kimya. Tangu azaliwe hakuwahi kuogopa namna ile.

Chiluwa akatoa baiskeli. Mazoya akasimama mlangoni.

"Mke anayejulishwa nyumba hatolewi nje. Ukimtoa, nyumba itamkataa."

Chiluwa hakuwahi kumpinga mama yake hata kwa jicho. Siku ile akasema, "Basi na inikatae na mimi." Akampakia mkewe, akaondoka kuelekea zahanati. Walipofika korongoni, baiskeli ikazama mchangani. Akaitupa, akambeba mgongoni, jua likiwaka, na njia nzima Sechelela alisikia moyo wa mumewe ukidunda kwa nguvu kuliko wake.

Nyuma yao alikuja Mbeleje, mbio, na kibiriti mkononi. Alikuwa ameona kwamba wifi yake ana alama za kuumwa upande mmoja tu, ule unaoelekea ukutani. Akachokoa ufa wa ukuta kwa mwiba, watu wakimcheka, mpaka akapata papasi aliyevimba damu. Akamfungia kwenye kibiriti.

Pale zahanati tabibu aliuliza, "Mgonjwa analala wapi?" Mbeleje akafungua kibiriti. Tabibu akatazama, akapima damu, akasema, "Homa ya papasi. Hujifanya imekwenda, kumbe imekaa nje inasubiri." Akamchoma sindano. Sechelela akapata nafuu, na asubuhi moja, alipokuwa anakunywa chai, mtoto akampiga teke. Chai ikamwagika. Hakuna aliyeijali.

"Lakini," tabibu akasema, "papasi hukaa ufani miaka bila kula, na ufagio hauwawezi. Akirudi kulala pale ataugua tena, na sijui kama mtoto atapona."

Mbeleje akatangulia nyumbani kumwambia mama, akitamani njia irefuke.

Chiluwa na Sechelela walipofika, hawakuiona tembe. Palikuwa na lundo la udongo, na ile ngozi ya ng'ombe ya marehemu inaungua moto. Mazoya alikuwa ameketi juu ya jiwe la kusagia, vumbi mpaka kwenye kope, jembe mapajani.

"Karibuni," akasema. "Nyumba haipo, ila uji upo." Kisha akalia, na Sechelela akaketi vumbini karibu yake, akalia naye.

Wakajenga nyumba nyingine mbali na pale, yenye kitanda katikati. Humo akazaliwa mtoto wa kike, mnene, mwenye sauti. Na desturi ya pale ni hii: mtoto wa kwanza hupewa jina na yule aliyemfungulia njia ya kuja duniani. Jina ni moja, na anayekabidhiwa mtoto ili alitaje ni mmoja.

Chiluwa akasema, "Ni mimi. Nisingemkatalia mama, nisingembeba, leo tungekuwa matangani."

Mbeleje akasema, "Kubeba hata punda hubeba, kaka yangu. Ungembeba ukambeba, na ugonjwa wake usijulikane. Nani alimshika mwizi? Ni mimi."

Wakamgeukia mama. Mazoya akatazama mikono yake. "Mimi sidai. Mimi ndiye niliyemlaza pale."

"Aa, mama, usitutege kwa unyenyekevu!" Mbeleje akasema. "Sisi tulimtoa kwenye homa. Wewe uliifungia mlango isirudi. Tena ulibomoa nyumba ya baba."

Sechelela alimtazama mumewe, ambaye mgongo wake aliujua. Akamtazama wifi yake, ambaye macho yake yalimwona alipokuwa haonekani. Akamtazama mkwewe, aliyempa pahali pazuri kuliko pote alipopajua, pakakaribia kumuua. Aliwapenda wote watatu, na hilo ndilo lililomtesa. Akamfunua mtoto uso, akainua mikono ili amkabidhi mmoja wao.

Haya, ninyi mliokaa hapa mkanisikiliza mpaka mwisho, msimkimbilie aliye karibu na moyo wenu. Je, mtoto apewe nani? Nani alistahili kumpa jina?