Mlango Alioupita Famau

Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mnacheka? Mnadhani ni maneno ya wazururaji kujitetea. Tulieni basi, wajukuu zangu, niwaambie yalikotokea.

Hapo kale, mjini Siyu, palikuwa na kijana aitwaye Famau. Hakuwa mfanyabiashara wala mwanachuoni. Kazi yake kutazama tu! Alisafiri peke yake miji ya mbali ya Asia, akazunguka miaka, akarudi mikono mitupu.

Alikuta kwa jirani yao, Bi. Mwanashee, panapikwa pilau ya hitima, kisomo cha kumwombea maiti. Mwanawe Tora, fundi wa milango, aliondoka zamani na habari zake zikakatika. Sasa shemeji wa mama, Mzee Shekuwe, alitaka Tora ahesabiwe maiti siku hiyo, mali yake igawanywe. Mama hakukubali, lakini nani amsikilize? Maskini, alilia hadi sauti ikakauka.

Famau akaketi kumliwaza. Akamsimulia Kalikuti ya Uhindi, ambako harufu ya pilipili manga humfikia msafiri kabla hajaiona nchi kavu. Akamsimulia Zaituni ya Uchina, ambako taa za karatasi zilielea mtoni, naye akazifuata ukingoni pole pole, asijue yu macho au yu ndotoni. Bi. Mwanashee akafumba macho, wakaenda pamoja. Wakafika Malaka.

"Huko niliona mlango mzuri, mama. Umechongwa maua toka juu hadi chini. Ila ua la katikati lina jani moja halikuchongwa, ubao mtupu. Nikasema, masikini, fundi kasahau."

Bi. Mwanashee akafumbua macho. "Hakusahau. Mafundi wa nyumba hii huacha jani moja kila mlango, kwani ukamilifu ni wa Mungu peke yake. Marehemu mume wangu hakumfundisha mtu ila Tora. Mlango ule ulikuwa wa kale?"

"Mpya, mama. Mbao zilikuwa bado zanukia, na vumbi lake limejaa kizingitini. Ndani mtu alikuwa akigonga patasi."

"Na wewe hukuingia?"

"Niingie kufanya nini? Nilikuwa napita tu."

Mama akacheka, akalia, akamshika Famau mikono yote miwili asimwachie.

Mzee Shekuwe akachungulia mlangoni. "Shemeji, wasomaji wamekaa. Wanakungoja wewe."

"Waambie wale pilau washibe, kisha wamwombee Tora dua ya msafiri. Mwanangu yu hai, yuko Malaka anachonga milango."

"Nani kasema?"

"Famau."

"Huyu mwenda bure!"

Bi. Mwanashee akasimama, akajifunga kanga yake vizuri. "Ndiyo, huyu. Na wewe uliyekaa hapa miaka yote ukihesabu minazi ya mwanangu, umeniletea nini? Mwenda bure si mkaa bure, shemeji. Huenda akaokota."