Wapinzani Wetu Ni Nani

Ketini, wapendwa. Hata nyinyi wa kwaya mliokwisha kukunja majoho mkidhani ibada imeisha, ketini. Nina jambo limenikaba kooni tangu juzi, na nikilimeza nitaugua.

Kuna shule moja ya bweni ya wavulana, yenye kiwanja cha nyasi safi kushinda hizi za hapa nje, ambako vijana walicheza raga. Najua wengine hapa raga hamuijui. Ni ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai. Mvulana anaukumbatia anakimbia nao, na wa upande wa pili wanamrukia kiunoni wamwangushe. Mama mmoja aliniambia hiyo ni vita yenye refa. Hapana, mama, ni mchezo, na una sheria. Sheria kubwa ni kwamba mchezaji akigongwa kichwa akawa haelewielewi, anatoka. Hata iwe fainali, hata awe mtoto wa nani, anatoka na siku hiyo harudi. Kila mwalimu wa raga anaijua sheria hiyo kama anavyojua jina la mkewe. Lishikeni hilo, tutalihitaji.

Shule hiyo ilikuwa na mwalimu wa timu. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo ninapokasirika. Angekuwa mtu mbaya ningemlaani hapa, tuimbe, twende tukale. Alikuwa mtu wa kanisa, anaimba besi, anaamka na vijana alfajiri kwenye umande, anawafunga bandeji kwa mikono yake mwenyewe. Ila msimu uliopita timu yake ilipigwa vibaya na shule ya jirani, ile ya jezi za kijani, na tangu hapo hakupata raha. Akiingia chumba cha walimu, kuna mwenzake mmoja, mwalimu wa jiografia, anachungulia dirishani na kumuuliza kwa upole wa kinafiki, "Mwalimu, mbona leo nyasi ni za kijani hivi, ama ni macho yangu?" Watu wanacheka. Naye anacheka nao, huku moyoni anatokota.

Msimu mpya ukafunguliwa. Mechi ya kwanza kabisa, nyumbani, na wageni ni walewale wa kijani. Sasa nisikilizeni vizuri. Mechi ya kwanza ya msimu ni ya kujipima. Haina kombe, haina pointi, haiingii popote. Ukishindwa, Jumatatu kengele inalia, watoto wanaingia darasani. Lakini mwalimu wetu aliita wazazi, akaita walimu wote, hasa yule wa jiografia, na kabla ya kipenga akamwomba kasisi wa shule awaombee vijana. Kasisi akaomba Mungu awape nguvu za kuwakanyaga adui zao. Adui gani, jamani? Watoto wa kidato cha tatu kutoka ng'ambo ya mto, waliokuja na sandwichi zao kwenye mifuko ya plastiki?

Katika timu ya nyumbani kulikuwa na kijana mkubwa wa mwili, mpole, hasemi sana. Mama yake alimpa jina Khaemba. Shuleni walimwita Trela, kwa sababu akishika mpira anaburuta watu watatu nyuma yake na bado anasonga. Mama alikuwapo siku hiyo, kwenye viti vya wazazi. Hakujua sheria hata moja ya raga. Alijua tu kwamba mwanawe ni yule ambaye soksi zake zimeshuka.

Kipindi cha pili, timu ya nyumbani ilikuwa nyuma kidogo tu. Trela akaupata mpira, akaenda nao, na kijana mmoja wa kijani, mdogo kwake kwa mwili, akamwangusha kihalali kabisa, chini ya kiuno, jinsi alivyofundishwa. Wakati Trela anaanguka, kichwa chake kikagonga goti la mchezaji wa timu yake mwenyewe. Mwalimu alikuwa kando ya mstari, akausikia ule mlio. Asije mtu akaniambia hakusikia.

Refa akasimamisha mchezo. Nesi wa shule akakimbia na mkoba wake, mwalimu akakimbia nyuma yake. Wakamkuta kijana ameketi, anaitazama mikono yake kama vile amekabidhiwa mikono ya mtu mwingine. Kuna maswali ambayo walimu wa raga hufundishwa kumuuliza aliyegongwa. Ni maswali mepesi. Hapa ni wapi? Hiki ni kipindi cha ngapi? Asipoyajibu, anatoka.

Mwalimu akachuchumaa. "Khaemba, wapinzani wetu leo ni nani?"

Kijana akafikiri, akafikiri sana, halafu akataja shule ya msingi aliyosoma utotoni kule kwao kijijini. Shule hiyo haijawahi hata kuuona mpira wa raga.

"Mwalimu, huyu anatoka," nesi akasema.

"Subiri kwanza, nesi. Anatania tu."

"Khaemba anatania? Tangu lini?"

Huku nyuma watu wameanza kupiga makofi na kuita, "Trela, Trela, Trela." Mtoto wa watu wameshamfanya gari. Mama yake alikuwa amesimama. Akamwambia baba mmoja aliyekaa karibu naye, "Mbona haamki sawasawa?" Yule baba akamjibu, "Kaa chini, mama, usimwaibishe. Hao ni wanaume." Mama akaona haya, akakaa.

Refa akafika. "Vipi, mwalimu? Ni kichwa?"

Mwalimu akainua macho. Akaona ubao wa matokeo. Akamwona mwalimu wa jiografia amekunja mikono, anasubiri. Akamtazama kijana, na macho ya kijana yalikuwa yanamtazama bila kumwona. Alijua, ndugu zangu. Kijana alikuwa ametaja shule ya watoto wadogo, na mwalimu alijua maana yake.

"Hapana, refa," akasema. "Ni pumzi tu ilimkatika. Nimemuuliza, amejibu sawa."

"Mimi sihusiki na hilo," nesi akasema.

"Ni juu yangu," mwalimu akamjibu, na akamnyanyua kijana kwa kwapa.

Wakarudi kwenye skramu, ule msukumano wa vijana walioinamiana bega kwa bega. Trela akatembea polepole, akaenda kujishikiza upande wa kijani. Uwanja mzima ukacheka. Refa, naye kijana tu, akadhani ni mzaha. Mwenzake akamvuta jezi akamrudisha. Mwalimu aliona hayo yote, mkono wake ukainuka kidogo kutaka kumwita kijana atoke, halafu akautumia kujikuna shingo.

Mchezo ukaendelea, na mpira ukamfikia Trela. Akaushika kifuani akasimama. Hakukimbia, hakuutoa. Alisimama akitazama mawingu. Na mbele yake anakuja kwa kasi yule yule kijana wa kijani aliyemwangusha mwanzo. Njia iko wazi, sheria iko upande wake, kocha wake anapaza sauti, "Mwangushe! Mwangushe!" Akafika hatua moja kutoka kwake, akayaona macho yake, akafunga breki.

Akamkumbatia. Hakumsukuma, hakumbeba, alimshika tu asianguke, akamwambia, "Ndugu yangu, keti. Keti polepole, nimekushika."

Je, mnajua wenzake Trela walifanya nini? Mmoja wao alikuja akauchomoa mpira mikononi mwake, mikononi mwa mgonjwa, akapita kwenye lile pengo ambalo kijana wa kijani alikuwa ameliacha wazi, akaenda akafunga trai, ndilo bao la raga. Timu ya nyumbani ikashinda mechi kwa trai hiyo. Wazazi wakarukaruka, mwalimu wa jiografia akapiga makofi kwa shingo upande, na mwalimu wa timu akanyanyuliwa juu. Huko nyuma yao, kijana wa jezi ya kijani amepiga magoti kwenye nyasi na kichwa cha mtoto wa watu mapajani, anapunga mkono kumwita nesi. Mama alifika kabla ya nesi, na viatu alikuwa ameviacha kwenye viti.

Daktari alisema damu ilikuwa imeanza kuvuja ndani ya kichwa, na kama angeangushwa tena mara moja tu, asingeamka. Wakamtibu, wakamlaza. Jumapili ile shuleni kukawa na ibada ya shukrani kwa ushindi. Kasisi alihubiri habari za Mungu anayewapigania walio wake. Mwalimu aliimba besi.

Siku kadhaa zikapita ndipo akaenda hospitali. Alibeba jezi ya timu iliyotiwa saini na vijana wote, imekunjwa vizuri. Njiani alikuwa akijipangia maneno ya kumwambia mama. Akaingia wodini, akamkuta mama ameketi upande mmoja wa kitanda, na upande wa pili ameketi yule kijana wa kijani, bado na sare ya shule, anamenya chungwa. Hakuwa na mazoezi ya kwenda. Shuleni kwake walikuwa wamemwondoa kwenye timu kwa kukataa kumwangusha mtu.

Daktari akaja kwenye raundi yake, akainama kitandani. "Haya, kijana. Leo tuone. Huyu ni nani?"

"Mama."

"Vizuri. Uliumia ukifanya nini?"

"Nikicheza raga."

"Vizuri sana. Humu ndani yumo mtu wa timu yenu. Nionyeshe."

Mwalimu akasogea mbele, akaikunjua jezi nyekundu ili ionekane, akatabasamu. Khaemba akamtazama yeye, akaitazama na jezi. Kisha akageuza shingo kwa taabu, akauweka mkono wake juu ya goti la yule mwenye chungwa.

"Huyu."

Daktari akasita. "Na wapinzani wenu walikuwa nani?"

Kidole kikainuka taratibu, kikavuka kitanda, kikasimama kwa mwalimu.

"Yeye."

Daktari akatikisa kichwa kwa huruma. "Pole, mama. Bado anachanganya mambo. Itachukua muda."

Yule mama alikuwa ameshazungumza na nesi wa shule. Alikuwa ameambiwa kila neno lililosemwa pale uwanjani. Akamtazama mwalimu, mwalimu akatazama sakafu.

"Hapana, daktari," akasema. "Mwanangu amejibu sawa."

Sasa. Nawaona. Kila mmoja hapa ameshajichagulia mahali pake kwenye hadithi hii, na wote mmechagua kukaa upande wa chungwa. Tokeni huko. Sisi hatukai huko. Sisi tuko kwenye viti vya wazazi, tunaita Trela, Trela, na mtoto ana jina.

Mwaka huu binti wa nyumba hii alirudi kwa wazazi wake, jicho limevimba, taya halifunguki vizuri. Mnamjua, wala sitamtaja. Wazee wakakaa, kina mama wakakaa. Akaulizwa, mume wako amekufanya nini? Akajaribu kueleza, maneno yakawa hayapangiki. Nasi tukasema nini? Tukasema ni mambo ya kawaida ya ndoa. Tukasema ni hasira tu ilimpanda mwanamume. Tukamwombea nguvu, mnasikia, nguvu, tukamshika kwapani tukamrudisha. Kwa nini? Kwa sababu harusi ile tuliifunga sisi, kwa mbwembwe, na lile kanisa la ng'ambo ya barabara wangetucheka. Kwa ajili ya kicheko cha jirani tulimrudisha binti uwanjani. Na mnajua ni nani aliyemchukua akamficha? Ni yule mama muuza pombe ambaye tulimfukuza katika ushirika. Yeye ndiye aliyeyaona macho ya binti akafunga breki.

Nina hasira, wapendwa, na siombi radhi. Tuna sheria nzuri, tunazijua kwa moyo, tunazikariri kila Jumapili. Mtu akiwa ameumia mbele yetu, tunatazama kwanza ni nani anatutazama.

Itafika siku Bwana atawakusanya wote waliorudishwa wakiwa wameumia. Atainama kwa kila mmoja, kwa upole kuliko daktari yeyote, na amuulize maswali mepesi. Aliyekuwa wa timu yako ni nani? Nionyeshe. Na wapinzani wako walikuwa nani? Nasi tutakuwa tumesimama pale mbele, majoho yamepigwa pasi, tunatabasamu, tunasubiri kutajwa.

Msiseme amina. Leo sitaki amina ya mtu. Binti yule bado yuko kwa mama muuza pombe, mlango wa bluu nyuma ya posho mill, pale tunaposagisha unga, na kutoka hapa si mbali. Simameni, tunaenda sote, na mimi natangulia.